Safu ya Ushauri: Sisimizi wa Jikoni na Swali la Mtoto wa Miaka Mitano

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Ninafundisha darasa la awali katika shule moja ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga. Nina watoto 58, wengi wao wa miaka mitano, na ninawafundisha peke yangu. Mwezi uliopita, tulipofika kwenye mada ya wadudu, niliamua kuwafundisha kuhusu sisimizi, kwa kuwa hakuna mtoto asiyewajua, na kwa kuwa nilikuwa nimeazimwa kitabu kimoja cha picha kinachowahusu.

Kitabu chenyewe ndicho kilichoanza kunitia mashaka. Kwenye jalada wadudu hao wanaitwa sisimizi, lakini kurasa za ndani wanaitwa mchwa. Mfanyakazi wao amechorwa amesimama kwa miguu miwili, amevaa shati na kofia, naye anaitwa Bwana. Malkia amekaa kwenye kiti cha enzi, ana taji kichwani, na kazi yake ni kutoa amri. Watoto walikipenda mno, nikawasomea mara tatu. Siku ya nne niliwatoa nje, nyuma ya jiko tunapopikia uji, ambako kulikuwa na msafara wa sisimizi wadogo weusi waliotoka kwenye tundu chini ya ukuta, wakapanda dirishani hadi kwenye kopo la sukari. Swali la kwanza lilikuwa: "Mwalimu, mbona hawana mashati?" La pili: "Malkia yuko wapi?" La tatu: "Wanajuaje njia?" Sikuwa na jibu la maana hata kwa moja.

Hata hivyo watoto hawakuchoka. Kwa wiki nzima walikimbilia ukuta ule kabla ya kengele. Yupo binti mmoja ambaye tangu Januari alikuwa hajatamka neno darasani, siku ya Jumatano alinivuta mkono, akasema, "Wamehama njia." Kweli walikuwa wamehama. Ijumaa asubuhi tulikuta mpishi amemwaga sufuria ya maji ya moto kwenye tundu lile. Binti yule alilia, akaniuliza, "Kwani walikosa nini?" Nami nikabaki kimya.

Wiki hiyo hiyo mvulana mmoja alivuta kiota cha majimoto, wale chungu wakali wa mitini, kwenye mchungwa, akaumwa shingoni na mikononi. Baba yake alikuja juu, akasema hakumleta mtoto shuleni kucheza na wadudu. Nilikuwa pia nimeweka sisimizi kadhaa kwenye chupa yenye sukari ili tuwatazame darasani. Jumatatu wote walikuwa wamekufa. Sasa mwalimu mkuu ananishauri nirudi kwenye herufi na namba. Mimi naona kwamba kuna kitu kilichokuwa kimeanza, nami sitaki kizimike. Je, niendelee? Na kama nitaendelea, nikitumieje kitabu, niwalindeje watoto, na nimjibu nini binti yule?

Mwalimu wa awali, Muheza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Endelea. Mtoto aliyekaa kimya tangu Januari, akafungua kinywa kukuarifu kwamba sisimizi wamehama njia, amefanya jambo ambalo shule ya awali imewekwa kwa ajili yake: ametazama, amelinganisha jana na leo, na ametafuta maneno ya kumweleza mwenzake. Herufi na namba zitapita kwenye mlango huo huo alioufungua.

Nianze na swali lake, kwa maana ukilijibu vizuri mengine yatapata njia. Mweleze ukweli kwa maneno mafupi: sisimizi hawakukosa kitu, walifuata sukari kama ilivyo desturi yao, na mpishi naye alikuwa akilinda chakula cha watoto, ambayo ndiyo kazi yake. Hakujua kwamba darasa zima lilikuwa na miadi na tundu lile. Wengi wa watoto wako wanasoma madrasa, nao huenda wameshasikia kisa kilichomo katika sura ya 27 ya Kurani, ambayo imepewa jina la wadudu hawa hawa: jeshi la Nabii Sulaiman linapokaribia bonde, chungu mmoja anawahimiza wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na watu ambao hata hawatambui wanachokikanyaga. Mtoto wa miaka mitano anaelewa vizuri sana maana ya kuumizwa na mtu mkubwa ambaye hakukuona. Kisha usiishie kwenye huruma peke yake. Mpe binti huyo na wenzake kazi, nayo iwe hii: tuwazuieje sisimizi wasiingie jikoni bila mtu kuwamwagia maji ya moto?

Hapo ndipo swali la tatu la watoto, lile la kujua njia, linapogeuka kuwa somo lenye manufaa. Sisimizi anayepata chakula hurudi nyumbani akigusisha ncha ya tumbo lake chini, na kila anapogusa huacha harufu ambayo pua zetu haziipati. Mwenzake hukutana na harufu hiyo, huifuata hadi kwenye chakula, naye akirudi huongeza yake, hivyo njia inazidi kukolea kadiri wapitao wanavyozidi. Sukari ikiisha, wanaorudi mikono mitupu hawaachi alama, na harufu hupotea yenyewe. Mwaka 1959 mwanasayansi wa Marekani, Edward O. Wilson, alionyesha jambo hili kwa njia ambayo hata mtoto anaweza kuifurahia: alichukua kitezi kidogo mno kutoka tumboni mwa aina mojawapo ya chungu, akakipondaponda, akachora mstari kwa majimaji yake, na chungu wakatoka wakaufuata mstari huo ingawa mwisho wake haukuwa na chakula chochote.

Wewe huhitaji kitezi. Tafuta msafara mwingine mbali na jiko, na usitumie maji wala moto. Weka chembe za sukari kwenye kifuniko cha soda, kisha laza kipande cha karatasi, upana wa kiganja, mahali ambapo lazima wapite ili kukifikia. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka msafara uwe unakatiza juu ya karatasi bila kusita. Sasa waite watoto kumi tu, wachuchumae, na mbele ya macho yao uizungushe karatasi ile robo duara, polepole, bila kuinyanyua. Wa kwanza atakayefika ukingoni atasimama ghafla. Atainua kichwa, atapapasa hewani kwa vipapasio vyake viwili, atarudi hatua mbili, ataenda upande, atagongana na anayemfuata, na baada ya muda mfupi kutakuwa na kundi la sisimizi wanaozunguka pale pale kama watu waliokuta daraja limesombwa na mafuriko. Baadaye mmoja atavuka, kisha mwingine, na njia itashonwa upya. Usiwaeleze watoto kitu kabla ya hapo. Waache waseme wao nini kimetokea, uandike maneno yao jinsi walivyoyatamka.

Ukirudi darasani, wafanye watoto wenyewe wawe sisimizi. Mko Tanga, kamba ya katani haikosekani. Funga kamba mbili kwenye nguzo, moja iende kwenye bakuli la machungwa yaliyomenywa na nyingine iende kwenye bakuli tupu. Ile ya kwanza isugue kwa limau lililokatwa mpaka ikolee. Mtoto afumbe macho, anuse, achague, afuate kwa pua na kwa vidole. Nimewahi kuona darasa zima likinyamaza kimya kumsubiri mwenzao afike, na baada ya mchezo huo sikuwa na haja ya kueleza tena neno harufu lina kazi gani kwa mdudu.

Kisha wapeleke kwa mpishi, kwa heshima, wakiwa na pendekezo. Kama njia ni harufu, basi anayeifuta njia kwa kitambaa chenye maji ya sabuni amewapoteza sisimizi bila kuwaua. Na kama hawawezi kuvuka maji, basi kopo la sukari likisimamishwa katikati ya sahani yenye maji litabaki salama. Bibi zetu waliijua mbinu hii, ndiyo maana miguu ya makabati ya chakula ilikuwa ikisimamishwa ndani ya makopo ya maji. Watoto waijaribu kwanza: sahani mbili, moja ina maji na nyingine haina, kila moja ina kifuniko chenye sukari, ziachwe tangu uji wa asubuhi hadi saa ya kurudi nyumbani. Mpishi akiona matokeo kwa macho yake, utakuwa umepata mwalimu wa pili, na binti yako atakuwa amejibiwa kwa vitendo.

Nije kwenye kitabu. Usikitupe, wala usikionee haya. Watoto wetu wamekua na Sungura na Fisi wanaosemezana, na hakuna mtoto aliyewahi kudanganyika kwamba fisi halisi anapiga hodi. Tatizo la kitabu chako ni kwamba kimechanganya hadithi na maarifa bila kumwambia msomaji, na dawa yake ni kukisoma kwa kukiuliza. Kila ukurasa usomwe, kisha watoto waseme: hili ni la hadithi, au ni la kwenda kutazama? Mambo ya kutazama mnatoka nayo nje, na mnaporudi mnabandika kwenye ukurasa kipande cha karatasi chenye kile mlichokiona. "Tumehesabu miguu sita." "Hana mikono, anabeba kwa taya." Kitabu kikirudi kwa mwenyewe kikiwa na karatasi hizo, atashukuru.

Kuhusu Bwana aliyevaa shati, waambie watoto kwamba sisimizi wote wanaowaona wakibeba mizigo ni wa kike. Madume wana mabawa, huishi muda mfupi, hupandana na malkia wachanga na kufa; hawabebi hata punje moja. Watoto wa kike wa darasa lako watalipokea jambo hili kwa furaha utakayoisikia mpaka ofisini. Inapendeza pia kwamba katika kisa nilichokitaja cha Nabii Sulaiman, kitenzi cha Kiarabu kinachomhusu yule chungu aliyewaonya wenzake ni cha kike.

Na malkia hana taji wala amri. Kazi yake ni kutaga mayai, basi. Hakuna anayesimama kwenye tundu akigawa kazi. Kila mmoja hufanya kwa kufuata harufu na kwa kugusana vipapasio na wenzake wanaopita. Watoto wanaosoma shule ya Jumapili watakuwa wamesikia kwamba kitabu cha Mithali humtuma mvivu kwa chungu, ambaye hana mkuu wala msimamizi na bado anakusanya chakula chake. Haya yalikuwa yameshaonwa na watu waliochuchumaa na kutazama, karne nyingi kabla ya lenzi. Malkia haonekani kwa sababu anakaa ndani kabisa, gizani, na huishi muda mrefu ajabu kwa mdudu: mmoja wa aina ya Ulaya, aliyefugwa na mtaalamu, alifika zaidi ya miaka 28.

Jambo la mchwa naomba ulisimamie kwa uthabiti, kwa maana kosa hilo limeenea. Mchwa si aina ya sisimizi. Ndugu zake wa karibu ni mende. Mwili wake ni laini na mweupe, kiuno chake ni kinene, vipapasio vyake vimenyooka kama ushanga uliotungwa, na ndani ya kichuguu malkia huishi pamoja na mfalme. Kumbikumbi tunaowaokota baada ya mvua na kuwakaanga ni mchwa wenye mabawa. Sisimizi kiuno chake ni chembamba kama kimefungwa uzi, na vipapasio vyake vimekunjwa katikati mithili ya kiwiko. Lugha yetu imetupa majina ambayo watoto wanapaswa kuyarithi yote: sisimizi, chungu, siafu, majimoto, na sungusungu, ambao jina lao lilichukuliwa na walinzi wa jadi wa Usukuma na Unyamwezi miaka ya 1980. Dunia ina aina zaidi ya 14,000 za wadudu hawa zilizokwisha kupewa majina na wanasayansi, nasi tusiwanyime watoto wetu haya matano.

Neno chungu pekee linakupa kipindi kizima cha lugha. Chungu huyu anatembea. Chungu hiki kinapikia mchuzi. Dawa hii ni chungu. Leta mchoro wa mdudu, leta chungu cha udongo, leta jani la mwarobaini walionje kwa ncha ya ulimi, na uone jinsi mtoto wa miaka mitano anavyochagua huyu, hiki na hii bila kufundishwa kanuni. Baba aliyekuja juu na mwalimu mkuu anayedai herufi wakaribishwe siku hiyo wakae nyuma ya darasa. Waone pia watoto wakihesabu sisimizi wanaovuka mstari wa chaki, wakiweka kokoto moja kwa kila anayepita, kisha wakilinganisha lundo la asubuhi na la mchana. Sidhani kwamba utahitaji kujitetea zaidi ya hapo.

Kwa watoto 58 kitabu kimoja hakitoshi, kwa hiyo tengenezeni chenu. Karatasi za manila, au migongo ya kalenda za mwaka jana, zikunjwe na kushonwa katikati kwa sindano nene na uzi wa gunia. Kila kundi lipate ukurasa wake: wachore walichokiona, wewe uandike chini, kwa herufi kubwa, sentensi waliyokubaliana. Jalada liwe la boksi. Kitabu cha namna hii watoto hukisoma kabla hawajajua kusoma, kwa sababu wanayajua maneno yake, ni yao. Ukihitaji hadithi zaidi za Kiswahili bila gharama, mradi wa African Storybook ulioanzia Afrika Kusini unazo nyingi, nawe unaweza kuzichapisha na kuzipanua.

Umbo la mdudu walifinyange. Udongo wa mfinyanzi, madonge matatu: kichwa, kifua, tumbo. Miguu na vipapasio vitoke kwenye chelewa za ufagio, kwa kuwa chelewa mbichi hukunjika bila kukatika, na ukiikunja katikati unapata kipapasio chenye kiwiko kama kilivyo. Waache wachomeke miguu wanavyotaka kwanza. Wengi wataigawa, miwili kila donge, na hilo ni kosa zuri, kwa maana litawapeleka tena nje kuhakikisha kwamba miguu yote sita imetoka kifuani. Mkitaka kuona kwa karibu, chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ikijazwa maji na kulazwa mbele ya picha au mdudu, hukuza vizuri.

Kuna mchezo mmoja wa mwendo ambao sijawahi kuuona ukiwachosha watoto. Watatu washikane viuno kwa mstari. Wamepata miguu sita. Sisimizi anapotembea huinua mitatu kwa pamoja, wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja pamoja na wa kati wa upande wa pili, huku mitatu mingine ikimshikilia kama mafiga. Basi mtoto wa mbele na wa nyuma waanze na mguu wa kushoto, wa kati aanze na wa kulia. Wataanguka mara nyingi kabla ya kupata mdundo, na uwanja mzima utacheka.

Sasa usalama, na hapa sitakuwa mpole. Majimoto ni mdudu wa kuheshimiwa kwa mbali. Nami nimekulia pwani, nimepanda miembe nimejipaka majivu mikononi ili nisiliwe, na bado naukumbuka moto wake shingoni. Watoto wako wasimame hatua kadhaa kutoka kwenye mti, watazame kiota kwa macho tu. Waambie jinsi kinavyojengwa, kwa sababu ni ajabu ambayo hawataisahau: majimoto hujipanga ukingoni mwa majani mawili na kuyavuta mpaka yakutane, kisha wengine huleta mabuu, watoto wao wasio na miguu, huwashika kwa taya na kuwapitisha huku na huku kati ya majani, na buu hutoa uzi wa hariri unaogandisha jani kwa jani. Ni kama fundi anayeshona kwa kutumia mtoto mchanga kuwa sindano. Baada ya hapo kila mtoto apewe majani mawili ya mwembe na chelewa fupi, ayashone. Watajionea jinsi ilivyo vigumu hata kwa mwenye vidole kumi.

Kwa mvulana aliyeumwa, usiache abaki na hofu wala kisasi. Yeye na baba yake waambie kazi wanayofanya majimoto: Unguja na katika pwani yetu wamejulikana kwa miaka mingi kuwa walinzi wa minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa hadi zinadondoka, na watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele huko Mtwara wamewachunguza kama walinzi wa mikorosho. Mkulima wa michungwa atalielewa hilo haraka kuliko darasa lolote. Pia umwombe radhi baba huyo, kwa kuwa mtoto aliumia akiwa mikononi mwako.

Kabla ya kutoka nje, tembelea mahali pale wewe peke yako. Mkikuta siafu, somo limeahirishwa, wala hakuna mjadala. Msafara wao husomwa darasani tu, kwa kile kitendawili cha reli inayotandazwa ardhini. Watoto wavae viatu, wasikae chini, wasizibe njia, na wasiingize kijiti tunduni. Waulize wazazi mapema kama yupo mtoto mwenye mzio wa kuumwa na wadudu. Anayeumwa aondolewe mahali hapo kwanza, wadudu wafutwe au wachomolewe, paoshwe kwa maji na sabuni, pawekwe kitambaa cha maji baridi. Uso au midomo ikianza kuvimba, au pumzi ikiwa nzito, apelekwe hospitali wakati huo huo bila kusubiri mzazi.

Ile chupa usiirudie kwa namna ile. Sisimizi waliotengwa na malkia wao, ndani ya chupa iliyofungwa, penye joto na pasipo unyevu, hawana maisha marefu. Ukitaka kuwaonyesha kwa karibu, chukua wachache kwa brashi ya rangi, waweke kwenye chombo kinachoonyesha ndani kilichofunikwa kitambaa chepesi, kivulini, kwa muda wa kipindi kimoja, kisha watoto wenyewe wawarudishe pale pale walipotolewa. Pale pale, nasema, kwa sababu kila jamii ya sisimizi ina harufu yake, na mgeni akiachwa kwenye tundu la wengine anaweza kushambuliwa na kuuawa. Watoto huitunza safari hiyo ya kuwarudisha kwa uangalifu mkubwa, wakitembea taratibu na kuhakikisha kwamba hakuna aliyebaki chomboni.

Limebaki tundu la chini ya ukuta wa jiko. Maji ya moto huua walio karibu na mlango, lakini mara nyingi hayafiki chini sana, na kama malkia yuko ndani zaidi, jamii huweza kuendelea. Mpe binti yako kazi ya kulitazama kila asubuhi kabla ya kengele, pamoja na mwenzake mmoja atakayemchagua yeye. Wasitafute sisimizi kwanza. Watafute vipunje vya udongo mpya, vidogo kama unga wa sembe, vilivyopangwa duara kuzunguka mlango. Huo ni udongo unaotolewa ndani na wanaochimba. Kama upo, aje akwambie kama alivyokwambia siku ile ya Jumatano, nawe uandike maneno yake kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu chenu. Kama haupo baada ya wiki mbili, tembeeni pamoja kuzunguka kuta nyingine za shule, hasa baada ya mvua, mtafute mlango mwingine.